Wakristo wa kwanza waliuawa kwa sheria ipi ya Roma?

Swali: Mwalimu, tangu mafundisho ya kipaimara nasikia kwamba Kaisari Nero alitunga sheria ya kuupiga marufuku Ukristo, na kwamba Wakristo waliendelea kuuawa kwa sheria hiyo hadi enzi za Konstantino. Nimeyatafuta maneno ya sheria yenyewe sijayapata. Ilisemaje? Na kama haikuwepo, maliwali waliwahukumu watu kwa kosa gani?

Jibu: Hujayapata kwa sababu hakuna aliyewahi kuyapata. Nero aliwaua Wakristo mwaka 64, baada ya moto kuteketeza sehemu kubwa ya jiji la Roma. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi anayetusimulia habari hiyo, anasema Nero alikuwa akitafuta watu wa kuwatwisha lawama ili uvumi usimwangukie yeye. Ulikuwa ukatili wa kutisha, lakini hauonyeshi kwamba dola zima lilitungiwa sheria.

Ushahidi mzito kuliko wote ni barua ya Plinius. Mnamo mwaka 112 alikuwa liwali wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, majimbo yale yale yanayotajwa mwanzoni mwa Waraka wa Kwanza wa Petro. Alikuwa wakili aliyebobea katika mahakama za Roma. Hata hivyo anamwandikia Kaisari Trajanus kwamba hajawahi kuhudhuria kesi ya Wakristo, na hajui kinachoadhibiwa ni nini wala uchunguzi ufike wapi. Anauliza waziwazi: je, linaadhibiwa jina lenyewe la Mkristo, hata kama mtu hana uhalifu, au uhalifu unaoandamana na jina hilo? Mwanasheria wa kiwango chake, kama kungekuwa na sheria, angeitaja katika mstari wa kwanza.

Alipokuwa akiandika barua hiyo alikwisha kuua watu. Alimuuliza kila mshtakiwa kama ni Mkristo. Akikiri, alimuuliza tena mara ya pili na ya tatu huku akimtishia kifo. Walioshikilia msimamo aliamuru wapelekwe kuuawa, akisema ukaidi wao peke yake ulistahili adhabu. Waliokuwa raia wa Roma aliwaweka kando wapelekwe Roma. Kisha ikaletwa karatasi isiyo na jina la mwandishi, imejaa majina ya watu. Kwa waliokana, alileta sanamu ya Kaisari pamoja na za miungu. Wakafukiza ubani, wakamimina divai, wakamlaani Kristo, naye akawaachia.

Bado hakuridhika, akawatesa wanawake wawili watumwa ambao Wakristo wenzao waliwaita wahudumu. Plinius hakujisumbua hata kuandika majina yao. Kwao hakupata, asema, ila ushirikina mbaya uliopita kiasi. Habari za ibada alikuwa amekwisha kuzipata kwa watu waliosema waliwahi kuwa Wakristo wakaacha: walikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama mungu, wakaapa kutoiba, kutozini, kutovunja ahadi na kutodhulumu amana, kisha wakakutana tena kula chakula cha kawaida. Katika maandishi yote ya maofisa wa Roma, sijui mengine yanayotufikisha karibu hivyo na ibada ya Wakristo wa mwanzo.

Jibu la Trajanus ni fupi. Haiwezekani kuweka kanuni moja ya jumla. Wakristo wasitafutwe, wakishtakiwa na kuthibitika, waadhibiwe, anayekana na kuiabudu miungu yetu, asamehewe. Mashtaka yasiyo na jina la mshtaki yasipokelewe katika kesi yoyote.

Ili uelewe uzito wa maneno hayo, ujue mahakama ya liwali ilivyofanya kazi. Hapakuwa na mwendesha mashtaka wa serikali. Mtu binafsi alisimama mwenyewe mbele ya baraza na kumshtaki mwenzake, naye liwali alikuwa na mamlaka ya kusikiliza na kuadhibu hata makosa yasiyotajwa na sheria yoyote. Kwa hiyo hatari ilitoka kwanza kwa majirani. Kumbuka Demetrio mfua fedha wa Efeso katika Matendo 19: karani wa mji anawaambia mafundi kwamba kama wana neno juu ya mtu, mabaraza yapo na maliwali wapo, washtakiane huko. Plinius naye anadokeza kwamba nyama ya dhabihu ilikuwa imekosa wanunuzi na sasa inaanza kuuzika. Nadhani biashara ya namna hiyo iliwasukuma baadhi ya washtaki.

Kosa, basi, lilikuwa jina, na kipimo chake kilikuwa kukataa kuitolea miungu dhabihu. Ni kosa la ajabu kisheria, kwa sababu mwizi hafutiwi kesi kwa kuahidi kuacha wizi. Tertullianus, mwandishi Mkristo wa Karthago huko Afrika Kaskazini, alilishambulia jambo hilo mnamo mwaka 197: kama hawana hatia, mbona wanaadhibiwa? Kama wanayo, mbona hawatafutwi? Hoja yake sijaona aliyeijibu. Katika mji huohuo, tarehe 17 Julai 180, liwali Saturninus aliwapa Wakristo wa Scilli siku 30 wakafikiri. Speratus, msemaji wao, akakataa, wakauawa kwa upanga. Liwali alitaka utii kuliko alivyotaka damu.

Utasoma pia kwamba Uyahudi ulikuwa “dini iliyoruhusiwa” na Ukristo haukuwa. Tuishio Tanzania tumezoea kanisa kusajiliwa serikalini, hivyo tunadhani Roma nayo ilikuwa na daftari la dini. Haikuwa nalo. Wayahudi waliheshimiwa kwa kushika mila za kale za mababu zao. Wakristo walionekana wameziacha za kwao.

Hali ilibadilika kwa amri ya Kaisari Decius, iliyoanza kutekelezwa kati ya mwisho wa 249 na mwanzo wa 250. Sasa raia walitakiwa watoe dhabihu mbele ya kamati na kupewa cheti. Vyeti zaidi ya 40 vimepatikana Misri, vimeandikwa kwenye mafunjo, vya Juni na Julai 250. Mwombaji anasema ameitolea miungu siku zote, kisha anaongeza: “na sasa mbele yenu nimemimina, nimetoa dhabihu na kuonja nyama yake, naomba mthibitishe.” Wakristo hawatajwi humo hata mara moja. Kimojawapo ni cha kuhani wa kike wa Petesouchos, mungu mamba wa Arsinoe: hata yeye, aliyeishi kwa kuhudumia miungu, ilimbidi athibitishe kwa maandishi kwamba ameitolea dhabihu. Kwa mara ya kwanza serikali yenyewe ilimdai kila mtu jibu, bila kungoja jirani amshtaki.