Joto la kiwanda kwenye kitalu nyumba: uliza kwanza hukatika lini

Wengi wanaonijia kuuliza kuhusu kupasha vitalu nyumba kwa joto linalotupwa na viwanda huanza na swali lilelile: joto lina nyuzi ngapi? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kaulize kwanza hukatika lini, na likikatika saa nane za usiku nani atapigiwa simu. Nimesimamia mitambo ya joto kwenye vitalu vya nyanya vilivyoungwa na kiwanda jirani, na nakuhakikishia kiwanda hakina ubaya na nyanya zako. Hakizifikirii tu. Kwao lile joto ni taka, na mashine ikizimwa kwa matengenezo, wanaemwogopa ni mteja wa bidhaa yao, si wewe.

Kwa hiyo piga hesabu yako kama vile joto lile litapotea siku ya baridi kali kuliko zote. Chukua hekta moja ya kitalu cha kioo cha tabaka moja. Ukijumlisha kuta na miinamo ya paa, kioo hufika kama mita za mraba 12,000, na kila mita hupoteza takriban wati 6 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Nje kukiwa na nyuzi 3 nawe unataka 18 ndani, unahitaji zaidi kidogo ya megawati 1. Pazia la usiku, likivutwa likafunga vizuri pembeni, hupunguza mzigo huo kwa theluthi hivi. Ndiyo maana nasema nunua pazia kabla hujanunua bomba. Nimeona watu wakichimba mtaro mrefu kwenda kiwandani huku paa lao linavuja joto kama tenga.

Sasa turudi kwenye nyuzi. Maji ya kupoozea mitambo mara nyingi hutoka yakiwa na nyuzi 30 hadi 40, na mwenye kiwanda atakwambia kwa fahari kuwa yako mengi. Ni kweli, yako mengi. Lakini mabomba ya chuma ya kitaluni yaliyopimwa kwa maji ya nyuzi 80, ukiyapitishia maji ya nyuzi 35, hutoa chini ya robo ya joto lile. Utalazimika kuongeza mabomba, au kuweka feni zenye vibadilisha joto, au pampu ya joto ya kuyapandisha maji nyuzi, nayo inakula umeme. Angalia pia maji yanarudi yakiwa yamepoa kiasi gani. Megawati hiyo moja, maji yakipoa nyuzi 20 kitaluni, inahitaji mita za ujazo 46 kwa saa. Yakipoa nyuzi 5 tu, ni zaidi ya 180. Bomba nene, pampu kubwa, bili kubwa. Hapo ndipo joto la bure huanza kuwa ghali.

Moshi wa dohani una joto la juu zaidi, ila fuata ushauri wa fundi anayejua mafuta yanayochomwa. Yakiwa na salfa, ukiupoza moshi kupita kiasi asidi hutonea ndani ya kibadilisha joto na kukitoboa.

Saa ngumu kwangu haikuwa usiku wa manane, ilikuwa alfajiri. Jua likichomoza hewa hupata joto haraka, lakini tunda la nyanya limejaa maji, linabaki nyuma. Ukipitisha kidole juu yake unakuta umande. Umande ule ukikaa, ugonjwa wa ukungu wa kijivu unaingia kwenye vikonyo. Dawa yake ni kuanza kupasha kabla ya mapambazuko, polepole, kama nyuzi moja kwa saa, na kufungua madirisha ya paa kidogo unyevu utoke. Kwa maneno mengine unahitaji joto jingi kwa saa chache zilezile kila siku, wakati kiwanda kinalitoa kwa kiwango kimoja mchana na usiku. Tangi la kuhifadhi maji ya moto ndilo linalowapatanisha: mita za ujazo 100, kukiwa na tofauti ya nyuzi 40 kati ya maji ya juu na ya chini, hubeba zaidi ya megawati-saa 4.6. Maji yasichanganyike humo. Ya moto yakae juu, ya baridi chini.

Na boila ya akiba? Iwepo, iwe na mafuta, na iwashwe mara kwa mara ionekane inafanya kazi. Usikubali kuambiwa "kiwanda hiki hakizimwi". Vyote huzimwa.

Kuna waliofanikiwa. Huko Wissington, Uingereza, kiwanda cha sukari kilipasha hekta 18 za nyanya kwa joto la mtambo wake wa umeme na kupeleka hewa ukaa humohumo. Uholanzi, bomba la zamani la mafuta limekuwa likipeleka hewa ukaa ya viwanda vya Rotterdam kwa wakulima wa vitalu tangu 2005. Hewa ukaa hiyo inavutia, kwa sababu mmea hukua vizuri zaidi ikiongezwa, lakini usielekeze moshi kitaluni hivihivi. Ethilini, gesi inayoweza kuwemo kwenye moshi, hata ikiwa kidogo sana inatosha kuangusha maua ya nyanya.

Kwenye mkataba, pigania mambo haya kuliko bei: taarifa ya matengenezo wiki kadhaa kabla, na yasipangwe miezi ya baridi, joto la chini kabisa la maji yanayofika kwako, lipimwe kwenye mita iliyo upande wako, na fidia wakishindwa. Halafu uliza swali ambalo hawapendi: wakibadilisha mitambo ili wapoteze joto kidogo, wewe unabaki na nini? Kiwanda makini lazima kitafanya hivyo siku moja. Mkataba uwe mrefu kuliko muda wa kulipia bomba, na uandikwe bomba lililo nje ya uzio wao ni la nani.