Je, kusali ukiwa na mashaka ni unafiki?
Ndugu yangu, umeuliza kama ni unafiki kuendelea kuimba kwaya ilhali moyoni huna hakika kwamba Mungu anakusikia. Kwa maoni yangu si unafiki, kwani yule baba wa Marko 9:24, aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Yesu, alilia, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” na mwanawe akaponywa bila baba kuambiwa kwanza akamalize mashaka yake. Hata Mama Teresa wa Calcutta, ambaye barua zake zilichapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, alieleza humo giza alilolihisi kwa miaka mingi katika sala. Mimi mwenyewe, baada ya kumzika mama, nilishika rozari miezi kadhaa bila kuvuka fumbo la kwanza, yaani sehemu ya kwanza ya sala hiyo. Katekista mzee niliyemweleza alinijibu tu niendelee kuishika.