Nachomoa chaja kila usiku: kuna maana?

SWALI: Mhariri, taa zote za nyumbani nimebadilisha, na kila usiku nachomoa chaja. Jirani ananicheka: eti viwanda vinafuka moshi mchana kutwa, mimi nahangaika na chaja. Je, jitihada za mtu mmoja zinapunguza chochote kwenye ongezeko la joto duniani?

JIBU: Kwa chaja, jirani hajakosea. Ikiachwa kwenye soketi bila simu hula kama wati 0.2, mwaka mzima haifiki uniti 2. Hata umeme huo ukitokana na makaa ya mawe, ni kilo 2 hivi za kaboni dioksidi, wakati lita 1 ya petroli hutoa kilo 2.3. Taa ni habari nyingine. Balbu ya wati 60 ikiondolewa, ikawekwa LED ya wati 9 inayowaka saa 5 kwa siku, unaokoa uniti 93 kwa mwaka. Piga hesabu kwanza, usije ukaridhika na chaja huku gari linawashwa kwenda mita 500.

Ila hesabu za nyumbani zina kikomo. Mwaka 2020 watu walifungiwa ndani, ndege zikaegeshwa, na bado kaboni dioksidi inayotolewa duniani ilipungua kwa asilimia 5 hivi tu. Mitambo ya umeme, saruji na chuma iliendelea kuunguruma.

Uzito unakuja pale wateja wanapoisukuma sheria. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kuwa gesi za CFC, zilizotumika kwenye makopo ya kupuliza na friji, zinaharibu tabaka la ozoni, linaloikinga dunia na miale mikali ya jua. Wanunuzi wengi Marekani wakasusa makopo ya kupuliza, mauzo yakashuka, na 1978 serikali ikazipiga marufuku gesi hizo katika mengi ya makopo hayo. Friji na viyoyozi, ambavyo kususa ni vigumu, vilisubiri Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti gesi hizo.

Kwa hiyo hamishia hesabu yako kazini. Jengo lenye balbu 200 za wati 60, zinazowaka saa 5 kwa siku badala ya LED, linapoteza zaidi ya uniti 18,000 kwa mwaka. Andika barua: idadi ya balbu, wati, saa, bei ya uniti, na miezi ambayo gharama itarudi. Barua kama hizi hukwama sana kwa sababu mwenye jengo ndiye anunuaye balbu, mpangaji ndiye alipaye umeme. Pendekezeni basi wapangaji wamrudishie gharama kidogo kidogo kutokana na kile kinachookolewa kwenye bili.