Maswali ya Wasomaji: Mshahara wa Kwanza na Deni la Bodi

SWALI: Nimeajiriwa serikalini hapa Tanga, mshahara wa msingi shilingi 800,000. Chuo kikuu cha umma nilisoma kwa mkopo, na Bodi ya Mikopo inanidai milioni 12. Kaka yangu aliyeanza kazi mwaka 2012 ananiambia deni la bodi haliishi. Ni kweli? Na mkononi nitabaki na ngapi?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Kaka yako anasema aliyoyaona. Enzi zake deni liliongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa ajili ya kulinda thamani ya fedha. Kwa milioni 12 hiyo ni 720,000, yaani 60,000 kwa mwezi. Makato yalikuwa asilimia 8, hivyo mwenye mshahara wa 600,000 alikatwa 48,000. Mtu analipa kila mwezi na deni linapanda! Watu wameumia sana kwa hesabu hiyo. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021.

Makato sasa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kabla ya kodi. Kwako ni 120,000, na milioni 12 zitakwisha kwa miezi 100: miaka 8 na miezi 4. Ukipanda daraja, muda unapungua.

Salari slipu yako isome hivi: PSSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma) asilimia 5, 40,000. Kodi hukokotolewa kwenye 760,000 zilizobaki, nayo ni 68,000. Bima ya afya asilimia 3, 24,000. Bodi 120,000. Unabaki na 548,000, kabla ya ada ya chama cha wafanyakazi.

Hapo ndipo tunapokuomba utulie. Mtumishi hatakiwi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwako 266,667, kwa hiyo benki inaweza kukukopesha hadi rejesho la takriban 281,000 kwa mwezi. Ukilichukua lote, kodi ya nyumba, nauli na chakula vyote vitatoka kwenye hizo laki mbili na ushei. Kaa kwanza miezi sita na mshahara wako.

SWALI: Nafanya kazi hotelini Bagamoyo. Nakatwa bodi tangu miezi mitano iliyopita, lakini salio liko palepale.
Dada wa Bagamoyo

JIBU: Pole, dada. Anza na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, maana bodi humtambua mdaiwa kwa hiyo. Tarakimu moja ikikosewa kwenye orodha ya mwajiri, fedha hazifiki kwenye jina lako. Mwombe mhasibu akuonyeshe mstari wako kwenye orodha, pamoja na risiti ya malipo ya kila mwezi.

Namba ikiwa sahihi na risiti haipo, fedha hazijapelekwa. Mwajiri anatakiwa kuziwasilisha ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Peleka bodi nakala za slipu zote tano na barua fupi yenye namba yako ya mtihani na jina la mwajiri. Slipu halisi usimwachie mtu.