Kilimambogo wakati wa mvua za vuli: majibu kwa wapandaji wa wikendi

Barua nyingi zilizofika safari hii zinahusu Kilimambogo, mlima wenye msitu ulio ng'ambo ya Thika. Hilo halinishangazi, kwa kuwa mtu hutoka Nairobi alfajiri, akapanda na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na urefu wake wa mita 2,145 haumtishi aliyezoea kutembea. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Wale walioandika "njia ikoje?" bila kutaja siku ya safari, wala kama watapanda kwa miguu au kwa gari, nimewajibu wote kwa pamoja hapa chini, na ninaomba swali hilo lisiletwe tena likiwa nusu.

Njia ya Kilimambogo ikoje kwa sasa? (Wasomaji kadhaa)

Hali ya njia hutegemea mvua iliyonyesha siku mbili tatu kabla ya safari yako, kwa hiyo jibu la juma lililopita halikufai juma hili, na picha ulizotumiwa na rafiki yako aliyepanda mwezi Februari hazikufai kabisa. Piga simu kwenye lango la mbuga siku moja kabla ya kusafiri, uulize kama kumenyesha na kama magari yanafika juu. Askari walio pale huiona barabara kila siku na hawana sababu ya kukudanganya.

Yapo hata hivyo mambo yasiyobadilika, na hayo ninaweza kuyasema. Kutoka langoni hadi kileleni ni barabara moja ya udongo, yenye urefu wa kilomita 9 hivi, inayopindapinda ndani ya msitu karibu muda wote. Ni kileleni tu ambapo miti huachia nafasi. Barabara ya mahali pa wazi hukauka mara jua linapochomoza, lakini ya msituni huchelewa sana, kwa sababu majani huendelea kudondosha maji kwa saa nyingi baada ya mvua kukatika, na jua lenyewe halifiki chini. Ndiyo maana watu huondoka mjini wakiona kukavu, wakapita Thika kukiwa kukavu, kisha wakakuta matope mlimani na kudhani kuwa wamepotoshwa. Wengi pia hujiandaa kwa ajili ya kupanda peke yake, ilhali wanaoanguka huanguka wakiteremka, magoti yakiwa yamechoka na majani yaliyooza yakiwa yamefunika udongo unaoteleza. Raba yenye soli iliyolika, hata ikiwa ya bei kubwa, haishiki mahali kama hapo. Kata fimbo nzuri nyumbani, wala usikate mti wa mbugani.

Jambo linaloamua kila kitu msimu huu ni saa ya kuanza. Wakati wa vuli, kama ilivyo wakati wa masika, asubuhi katika eneo letu mara nyingi huwa tulivu na mvua hukusanya nguvu kuanzia mchana. Anayeanza kupanda saa moja asubuhi hufika kileleni saa nne au saa tano, akapumzika, na kuwa ameshateremka sehemu kubwa kabla wingu halijapasuka. Anayeanza saa tano, kwa kuwa kikundi kilimsubiri mtu mmoja kituo cha mafuta huko Roysambu, hukutwa na radi akiwa juu kabisa, mahali pa wazi karibu na minara ya mawasiliano, na hakuna mahali pabaya zaidi pa kuwa wakati kama huo. Nimeandika haya mara nyingi na sitaacha kuyaandika. Wekeni saa ya kugeuka kabla ya kuondoka nyumbani. Mimi hupendekeza saa saba mchana, popote mtakapokuwa, hata kileleni kukibaki hatua mia mbili.

Je, ni lazima tupande na askari? Tuko sita, wote wazima wa mwili, na Longonot tulipanda wenyewe. (Msomaji, Ruiru)

Ninyi mwende na askari. Longonot mtu huona mbele yake kwa mbali, na mnyama naye humwona mtu mapema akajitenga. Kilimambogo mnatembea kati ya kuta mbili za kichaka, na nyati anaweza kuwa amelala hatua kumi kutoka barabarani msimwone. Wanaoogopwa zaidi ni madume wazee waliojitenga na kundi. Hao hukaa peke yao vichakani, hawakimbii wanaposikia watu, na wakishtuliwa kwa karibu hushambulia. Uzima wa mwili hausaidii chochote hapo, kwa kuwa hakuna binadamu anayemshinda nyati mbio.

Askari anajua mahali nyati walipolala usiku, anasoma kinyesi na nyayo mbichi, na ana bunduki ambayo kila mmoja anaomba isitumike. Kaeni nyuma yake, msimpite ili kupiga picha, na zungumzeni kwa sauti ya kawaida ili mnyama asikie mnakuja. Muziki wa spika acheni nyumbani, kwa sababu utawazuia ninyi kusikia kichaka kikivunjika. Mkimwona nyati amesimama akiwatazama, simameni, kisha mrudi nyuma polepole mkiwa pamoja. Msimtupie jiwe na msitawanyike. Akija mbio, tafuteni shina la mti la kupanda au la kujificha nyuma yake.

Mtakaposikia miti ikitikisika juu yenu, huenda ni mbega, na hao hawana neno.

Programu ya ramani kwenye simu yangu inaonyesha kijia cha kupandia upande wa pili, kisichopita langoni. Kuna aliyekitumia? (Msomaji, Kahawa)

Kuingia katika mbuga ya taifa bila kulipa na bila kibali ni kosa la jinai, na vijia vya aina hiyo ni vya wanyama au vya watu wanaokata kuni na kutega mitego. Ukikutana na nyati humo, hakuna anayejua kwamba uko mlimani. Ukivunjika mguu, hakuna atakayekutafuta mpaka familia yako iulize usiku. Nimepokea swali hili kwa maneno tofauti tofauti tangu simu zilipoanza kuonyesha ramani, na linanisikitisha kila mara, kwa sababu anayeliuliza ameshatumia pesa za nauli, chakula na viatu, kisha anataka kubana kile kiasi kinachomlipa mtu wa kumlinda.

Malipo ya mbuga zinazosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na langoni hawapokei pesa taslimu. Lipa ukiwa nyumbani ambako mtandao ni mzuri. Wanaokwama langoni wakihangaika na simu kwa nusu saa wamepoteza nusu saa ya asubuhi, ambayo ndiyo ya thamani kuliko zote.

Gari langu ni dogo la saluni. Litafika kileleni? (Msomaji, Syokimau)

Msimu wa mvua, hapana. Liache langoni.

Ninaweza kuja na mbwa wangu? (Msomaji, Kilimani)

Katika mbuga za taifa mbwa hawaruhusiwi. Mpeleke msitu wa Karura, akiwa amefungwa kamba.

Ni kweli kuna kaburi la mzungu njiani? (Msomaji, Juja)

Ni kweli. Amezikwa hapo William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyekuwa na shamba kubwa upande wenu wa Juja, aliyempokea Theodore Roosevelt huko mwaka 1909 na kufariki mwaka 1925. Maktaba ya McMillan iliyo katikati ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilijengwa kwa kumbukumbu yake, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Inasimuliwa kwamba alikusudiwa kuzikwa kileleni, lakini mteremko ukalishinda gari lililobeba mwili, wakamzika hapo ubavuni.

Mimi ninalijali kaburi hilo kwa sababu nyingine. Liko karibu kilomita ya 7 kutoka langoni, mahali penye nafasi ya kuketi, na ndipo kila kikundi kinapopaswa kusimama, kunywa maji na kuulizana bila aibu nani amechoka. Sehemu inayobaki si ndefu, lakini inafika wakati miguu imeshafanya kazi kubwa, na kila hatua unayopanda utaiteremka. Aliyeanza kuhisi kukakamaa kwa misuli au kizunguzungu hapo ageuke pamoja na mwenzake mmoja, kwa makubaliano na askari. Amepanda mlima wa kutosha kwa siku moja.

Mimi ni kiongozi wa vijana kanisani. Tunapanga kupeleka vijana 50 Jumamosi. Una ushauri gani? (Msomaji, Donholm)

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba 50 ni wengi mno kwa mstari mmoja. Mstari wa watu 50 msituni huwa mrefu kiasi kwamba wa mbele hasikii wa nyuma akipiga kelele, na mara wepesi wanapokwenda zao, wale wazito, ambao ndio wanaohitaji msaada, hubaki na wasio na uzoefu. Wagawe katika vikundi vidogo, kila kimoja na askari wake na mtu mzima anayetembea mwisho kabisa, ambaye hampiti mtu yeyote kwa sababu yoyote. Mwendo wa kikundi ni mwendo wa mdogo au mzito kuliko wote. Wapigie KWS mapema ili wajue idadi yenu, kwani askari wa kutosha vikundi vyote hawapatikani kwa kushtukiza asubuhi ya Jumamosi.

Uwe na orodha ya majina kwenye karatasi, pamoja na nambari za simu za wazazi na maradhi ya kila kijana: pumu, kifafa, kisukari. Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, si katika begi lililobaki kwenye basi. Hesabu vichwa langoni, kaburini, kileleni na langoni tena.

Nimeongeza maneno katika jibu hili kwa sababu nimeona jinsi safari za vikundi zinavyotangazwa siku hizi. Mtu hutengeneza tangazo zuri, akakusanya pesa kwa M-Pesa, akawapakia watu wasiojuana kwenye basi, na siku ya safari yeye mwenyewe yuko mbele kabisa akipiga picha za tangazo lijalo. Kabla ya kumlipa mwandaaji yeyote, muulize nani anatembea mwisho, nani anajua huduma ya kwanza, na saa ya kugeuka ni ipi. Akibabaika katika maswali hayo matatu, usimpe pesa zako.

Mtoto wangu ana miaka 6 na ana nguvu sana. Tumlete? (Msomaji, Utawala)

Mlete, mkatembee naye mwendo mfupi na askari, mrudi. Kilomita 18 za kwenda na kurudi si za mtoto wa miaka 6, na baba atakayembeba akiteremka kwenye matope atawaangusha wote wawili.

Kwa nini tulinyang'anywa chupa za maji langoni? Tulikuwa tumezinunua dukani kihalali. (Msomaji, Pipeline)

Kwa sababu tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja ni marufuku katika mbuga za taifa, misitu, fuo na maeneo mengine ya hifadhi. Chupa hizo, vikombe, sahani, vijiko na mirija, vyote vimo. Nunua chupa ya kudumu na ubebe angalau lita 2 kwa kila mtu, kwa sababu hakuna mahali pa kuongeza maji njiani.

Na kwa kuwa umeigusa habari hii, niseme pia kuhusu maganda ya machungwa na mabaki ya chapati ambayo watu huyatupa wakisema yataoza. Nyani huyaokota kabla hayajaoza. Nyani aliyezoea chakula cha watu huacha kuwaogopa, kisha huanza kunyang'anya mikoba, na wanaoumizwa mara nyingi ni watoto. Rudi na kila ulichokwenda nacho.

Nimepanda Kilimambogo mara tatu bila shida. Nadhani sasa niko tayari kwa Elephant Hill. (Msomaji, Rongai)

Bado, ikiwa mara zote tatu ulipanda wakati wa kiangazi. Elephant Hill, katika safu ya Nyandarua juu ya Njabini, inapita mita 3,500, na hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Jua la Rongai la saa sita ni upepo wa baridi kali kule. Unaanza msituni, unaingia kwenye mianzi ambako matope ya msimu wa mvua hufika kifundoni na zaidi, kisha unatokea juu mahali pa wazi ambapo ukungu unaweza kufunga kwa dakika chache usione mwenzako. Usivae suruali ya jinzi wala fulana ya pamba, kwani zikilowa hazikauki, na mtu aliyelowa kwenye upepo hupoteza joto la mwili upesi. Anayetetemeka, kisha akaacha kutetemeka na kuanza kuongea ovyo, yuko hatarini. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu na mteremshe. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu yanayozidi unavyopanda husababishwa na upungufu wa hewa, na tiba yake ni kuteremka, si kumeza vidonge na kuendelea.

Kwa hiyo fanya hivi. Panda Kilimambogo mara moja zaidi katika vuli hii, ukiwa na begi lenye koti la mvua, sweta ya akiba ndani ya mfuko usiopitisha maji, tochi yenye betri mpya, na chakula zaidi ya unachohitaji, na uangalie mwili wako unafanyaje kwenye kilomita tatu za mwisho za kuteremka. Ukiridhika, subiri Januari au Februari, matope yanapopungua, ndipo umtafute kiongozi anayeijua njia ya Njabini na mpange kuanza kutembea saa kumi na mbili na nusu asubuhi.