Mizani 15, 16 au 17? Jibu kwa mwalimu wa Soroti

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wa senia two (kidato cha pili) wanakariri vizuri maana ya mizani, vina na tashbihi, halafu wakipewa shairi lenyewe wanaanguka. Nimepita humo humo, kwanza nikiwa mwanafunzi, sasa nikiwa mwalimu hapa Jinja.

Kinachosumbua zaidi ni mizani, na chanzo si uvivu. Mizani ni silabi, nasi tunakuja darasani na silabi za nyumbani. Mimi Msoga. Katika Lusoga, kama ilivyo Luganda, irabu ikiandikwa mara mbili unaivuta, inabaki silabi moja. Kiswahili kinazihesabu zote: taa ni ta-a, mizani mbili. Niliwatungia wanafunzi wangu mishororo hii, kila kipande mizani 8:

Naili wanitazama, ukipita taratibu,
Nakuuliza ya nyuma, mbona hunipi majibu?

Binti mmoja akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, mshororo wa pili una 15." Alikuwa amesoma na-kuu-li-za. Nikamwambia apige kofi moja kwa kila silabi: na-ku-u-li-za. Zikatimia 16.

Jirani yake yeye alipata 17, na hapo kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewaambia m ya mtu ina mizani yake (m-tu), naye akaipeleka hadi kwenye mbona: m-bo-na. Sivyo, ni mbo-na. Ile ya mtu ni mu iliyomeza u yake. Baganda bado wanasema omuntu, u ipo. Ya mbona imeshikana na b, haitengani nayo. Ila neno likiwa fupi sana, kama mbwa au nchi, m au n hiyo inasimama peke yake: m-bwa, n-chi. Hili lilinichukua muda mrefu kulikubali, sitaficha.

Vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande, havina taabu. Waonyeshe tu -ma na -ma katikati, -bu na -bu mwishoni.

Kwenye tamathali za usemi, acha kuwafundisha kuwinda neno "kama". Watakuletea "kama utakuja kesho" wakisema ni tashbihi! Hata "alifika kama mgeni", ikiwa kweli alikuwa mgeni, hakuna tashbihi hapo. Waulize kwanza: kuna vitu viwili vya jinsi tofauti vinavyofananishwa? Ndiyo, halafu kuna kiunganishi (kama, mithili ya, mfano wa)? Hiyo tashbihi. Hakuna kiunganishi, kimoja kimeitwa kingine moja kwa moja? Sitiari. Mfano wanaouelewa upesi ni wa Kabaka, mfalme wa Buganda: Baganda humwita Mpologoma, yaani Simba. Hawasemi yuko kama simba. Darasa langu zima lilishika siku hiyo hiyo, hata wasio Baganda.

Tashihisi, yaani kukipa kitu tabia za mtu, wataipata kwenye mishororo yangu ile ile: mto hauna macho, lakini unanitazama, tena unaninyima majibu.

Jazanda, yaani picha inayobeba maana nyingine ya ndani, usiiguse muhula huu. Mimi niliiharakisha, nikasahihisha daftari ishirini na kitu, zote zikidai kwamba mto ni maisha, pamoja na ile ya kijana aliyekuwa anachambua shairi la mbuzi.