Linux kwa mtu wa kawaida sawa, kwa serikali ni habari nyingine

Mkuu, umeuliza kama Linux (mfumo endeshi wa kompyuta wa bure, mbadala wa Windows) inamtosha mtu wa kawaida, na kwa nini serikali zisihamie huko zote kwa mpigo zikwepe gharama za leseni.

Mtu wa kawaida inamtosha. Kama kazi zako ni kuperuzi, barua pepe na kuandika nyaraka, Mint au Ubuntu (matoleo ya Linux) haitakusumbua. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi ambazo bado ni nzima hazikidhi masharti ya Windows 11, mara nyingi kwa sababu ya prosesa ya zamani au kukosa TPM 2.0 (chipu ya usalama). Hizo usizitupe, ziwekee Linux. Mac ni nzuri, ila mfumo na mashine unavinunua pamoja, upende usipende.

Serikalini leseni ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye programu ya mishahara iliyoandikwa kwa ajili ya Windows pekee, na ile fomu ya Word ambayo ukiifungua kwenye LibreOffice (mbadala wa bure wa Microsoft Office) jedwali linakatika katikati, sahihi ya mkurugenzi inaangukia ukurasa wa pili. Jiji la Munich, Ujerumani, waliamua kuhamia Linux 2003. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows (siasa nazo zilikuwemo). Gendarmerie ya Ufaransa (polisi wa kijeshi) walikwenda taratibu: OpenOffice (programu za ofisi za bure) 2005, kisha kivinjari cha Firefox, watu walipozoea ndipo Ubuntu ikaanza kuingia 2008. Hao hawakurudi nyuma.

Wewe anza kuijaribu Linux kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote. Wifi na printa zikikubali, endelea.